Ganzi ya Mikono kwa Wapishi: Chanzo Chake na Namna ya Kuizuia

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, kuanzia Tandale na Mwananyamala upande wa Kinondoni hadi Tandika na Mbagala upande wa Temeke, chakula cha mchana cha wafanyakazi wengi hupikwa na akina mama wauzao chakula kando ya barabara, masokoni na karibu na karakana. Jina lao la zamani, mamantilie, latokana na wito wa mteja mwenye njaa anyooshaye sahani yake: mama, nitilie. Siku hizi wengi hupendelea kuitwa mama lishe. Kazi yao huanza kabla ya mapambazuko, na mikono ndiyo mtambo wao mkuu. Kwa mikono hiyo hukanda unga wa chapati na maandazi, hukuna nazi, hukamua tui, hutwanga kisamvu na husonga ugali wa watu hamsini. Wateja wakiisha kuondoka, mikono hiyo hiyo husugua masufuria na kukamua matambara.

Si ajabu kumsikia mmoja wao akieleza kwamba vidole vyake hufa ganzi usiku. Huamka akihisi kama anachomwachomwa na sindano, hukung'uta mkono kama mtu anayekung'uta maji, na baada ya dakika chache ganzi hutoweka. Miezi hupita. Baadaye ganzi huja hata mchana wakati wa kukanda, na siku moja kikombe humponyoka bila ya yeye kujua kwamba alikuwa amelegeza vidole. Maelezo ya jambo hili hayakosekani: wako wasemao ni baridi, wako wasemao damu imepungua, na wako wanaotafuta mkono wa jirani mwenye husuda. Mgonjwa huchuliwa kwa mafuta makali, na pengine huchanjwa. Yote hayo hayafikii mahali penye shida, kwa sababu mahali hapo ni padogo mno na pamefunikwa vizuri.

Mfereji wa kifundo cha mkono

Kabla ya kuendelea, yafaa kusema neno juu ya istilahi. Neno kiwiko hutumiwa na watu wengine kwa maana ya kiungo kilicho baina ya kiganja na mkono, na wengine kwa maana ya kiungo cha katikati ya mkono. Ili kuepuka mkanganyo huo, ambao umewahi kuwasumbua hata walimu wa biolojia, makala haya yanatumia kifundo cha mkono kwa kiungo cha kwanza na kisugudi kwa kile cha pili.

Kifundo cha mkono kimejengwa kwa mifupa midogo minane iliyopangwa mfano wa hori la chombo. Juu ya hori hilo, upande wa kiganja, umetandazwa ukanda mpana na mgumu wa nyuzi ambao haunyumbuki kwa urahisi. Nafasi iliyobaki baina ya mifupa na ukanda ni mfereji mwembamba, unaotosha kidole kimoja tu. Ndani yake hupita kano tisa zinazovuta vidole wakati wa kufumba mkono. Pamoja na kano hizo hupita neva moja, yaani mshipa wa fahamu, iitwayo neva ya kati. Neva hii huleta hisia za kidole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete iliyo upande wa kidole cha kati. Pia huamrisha misuli iliyo kwenye kitako cha kidole gumba, ile nyama nene ambayo kwayo binadamu huweza kushika sindano au kuchukua punje moja ya mchele.

Kano tisa na neva moja katika mfereji usiopanuka: hapo ndipo penye chanzo cha shida. Kila kano imevikwa ala laini yenye utelezi. Kazi ya nguvu inayorudiwarudiwa huifanya ala hiyo kunenepa. Mifupa haiwezi kusogea wala ukanda haunyumbuki, kwa hiyo kinachobanwa ni kile kilicho laini kuliko vyote, nacho ni neva.

Neva, kama sehemu nyingine ya mwili hai, hulishwa na mishipa midogo ya damu inayopita ndani yake. Shinikizo la nje lifikapo milimita 20 hadi 30 za zebaki, damu huanza kushindwa kutoka katika vena ndogo za neva. Neva ikikosa damu safi hushindwa kupeleka habari, na mwenye mkono huhisi ganzi. Mkono ukinyooshwa au kukung'utwa, damu hurudi na hisia hurudi. Katika hatua hii hakuna kilichoharibika. Lakini shinikizo likidumu kwa miezi, ala ya mafuta inayoizunguka kila nyuzi ya neva, ambayo kazi yake yafanana na plastiki inayofunika waya wa umeme, huanza kumomonyoka. Mwishowe nyuzi zenyewe hufa. Hatua ya kwanza hupona yenyewe na ya pili hupona polepole, lakini ya mwisho mara nyingi haiponi kabisa. Tofauti baina ya hatua hizi ndiyo sababu ya mpishi kutokaa na ganzi miaka mitano akingoja iishe.

Mwaka 1981 mtaalamu wa Marekani, Richard Gelberman, na wenzake walipima shinikizo ndani ya mfereji huu kwa kuingiza mrija mwembamba. Kwa watu wazima wenye afya, kifundo kikiwa kimenyooka, shinikizo lilikuwa wastani wa milimita 2.5 tu za zebaki. Kwa wagonjwa lilikuwa 32. Wagonjwa hao walipokunja kifundo kuelekea kiganjani lilipanda hadi 94, na walipokipinda kuelekea nyuma lilifika 110. Mwanafunzi aliyewahi kuona shinikizo la damu likipimwa atatambua ukubwa wa tarakimu hizi: neva inabanwa kwa nguvu inayokaribia ile ya moyo unaposukuma damu.

Tarakimu hizo zafafanua pia kwa nini ganzi hupendelea usiku. Mtu aliyelala hukunja kifundo bila kujua, aghalabu akiweka mkono chini ya shavu au chini ya mto. Aidha, maji ya mwili yaliyoteremkia miguuni kutwa nzima hurudi na kuenea mwilini mtu anapojilaza, na sehemu ya maji hayo huingia katika tishu za mkono.

Habari za zamani kidogo

Uhusiano baina ya kukanda unga na maradhi ya mikono haukugunduliwa jana. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapa kitabu juu ya magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali, na humo aliandika kwamba mikono ya waoka mikate huvimba kwa sababu ya kukanda. Hakujua habari za mfereji wala za neva ya kati. Mwaka 1854 James Paget wa Uingereza alieleza jinsi neva hiyo ilivyobanwa kwa mtu aliyevunjika mkono. Upasuaji wa kuufungua mfereji kwa makusudi uliripotiwa na James Learmonth mwaka 1933, na katika miaka ya 1950 George Phalen wa Marekani aliufanya ugonjwa huu ujulikane kwa madaktari wa kawaida. Phalen mwenyewe hakuamini sana kwamba kazi ndiyo chanzo, kwa kuwa wengi wa wagonjwa wake walikuwa wanawake wa makamo wasiofanya kazi za viwandani. Yaelekea hakuhesabu kazi za jikoni kuwa ni kazi.

Mwaka 1987 Barbara Silverstein na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa viwandani huko Marekani. Waliona kwamba wale ambao kazi yao ilihitaji nguvu nyingi na kurudiarudia kwa pamoja walikuwa katika hatari ya kupata ugonjwa huu mara zaidi ya 15 kuliko wale ambao kazi yao haikuwa na nguvu wala kurudiarudia. Neno la kuzingatia hapa ni kwa pamoja. Kumenya vitunguu ni kurudiarudia bila nguvu nyingi, na kuinua sufuria la maharage ni nguvu bila kurudiarudia. Kusonga ugali na kukanda unga wa kilo kumi huunganisha mambo yote mawili.

Mwiko kama wenzo

Hebu tuchukue mfano wa ugali, ambao mwalimu wa fizikia anaweza kuutumia darasani wakati wa somo la momenti. Tuseme ugali unapokaza, ncha ya mwiko hukutana na ukinzani wa niutoni 30, na mkono umeshika mpini sentimita 40 kutoka kwenye ncha hiyo. Mpishi akitumia mkono mmoja, momenti inayopaswa kuzuiwa na kifundo ni 30 × 0.4, yaani niutoni-mita 12. Kifundo hakiwezi kuizuia bila ya vidole kuubana mpini kwa nguvu sana, na kila kano hukazwa na kugandamiza yaliyomo ndani ya mfereji. Kifundo kikiwa kimepinda, hali huwa mbaya zaidi, kwa maana kano hupita kwenye kona kama kamba ipitavyo kwenye kapi, na kinachobanwa katika kona hiyo ni neva.

Sasa mpishi aongeze mkono wa pili, sentimita 20 juu ya ule wa kwanza. Momenti yote huzuiwa na mikono miwili inayokwenda pande tofauti: mkono wa juu huvuta kwa niutoni 60 na wa chini husukuma kwa niutoni 90. Vifundo havipindishwi tena, bali kazi hufanywa na mabega na mgongo, penye misuli mikubwa. Mikono ikiachana kwa sentimita 40, nguvu hushuka hadi niutoni 30 kwa mkono wa juu na 60 kwa ule wa chini. Kwa hiyo mwiko mrefu unaoshikwa kwa mikono iliyoachana si anasa. Wapishi wa shule za bweni, ambao husonga ugali wa mamia ya wanafunzi, wanalijua jambo hili bila ya hesabu, na ndiyo maana miko yao yafanana na makasia. Taabu ipo kwa mpishi wa sufuria la kati, ambaye ugali wake ni mwingi kuliko wa nyumbani lakini mwiko wake ni ule ule wa nyumbani.

Si kila ganzi ni ya mfereji

Ganzi ni dalili, na dalili moja yaweza kuwa na vyanzo vingi. Alama bora ya ugonjwa wa mfereji ni kidole cha mwisho. Kidole hicho hupata hisia kutoka neva nyingine isiyopita ndani ya mfereji, na kwa hiyo hubaki kizima. Ngozi ya katikati ya kiganja nayo aghalabu huwa nzima, kwa sababu tawi linaloihudumia hutoka kwenye neva kabla ya mfereji na kupita juu ya ukanda. Mgonjwa aulizwe aonyeshe kwa wino hasa ni wapi panapokufa ganzi. Mara nyingi yeye mwenyewe hushangaa kuona kwamba si mkono mzima kama alivyodhani.

Jaribio la Phalen ni rahisi. Mtu hukunja vifundo vyote viwili na kugusanisha migongo ya viganja mbele ya kifua, vidole vikielekea chini, kwa muda wa dakika moja. Ganzi ikitokea katika vidole vilivyotajwa, kuna sababu ya kushuku mfereji. Jaribio hili si hukumu ya mwisho. Wako wagonjwa wasiohisi kitu, na wako watu wazima wa afya wanaohisi.

Ganzi ikishika kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete, neva inayobanwa yaweza kuwa ile ipitayo nyuma ya kisugudi. Hapa Afrika ya Mashariki ni wajibu kukumbuka pia ukoma, ambao hupenda neva hiyo hiyo. Ganzi ya ukoma kwa kawaida haimwamshi mtu usiku. Huja kimyakimya, pengine pamoja na baka la ngozi lililopauka na lisilo na hisia. Ukoma hutibiwa kwa mchanganyiko wa dawa uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, na dawa hizo hutolewa bila malipo. Kuchelewa kwa sababu ya aibu humgharimu mgonjwa vidole vyake.

Ganzi inayoanzia nyayoni na kupanda, katika miguu yote miwili, yaelekeza kwenye kisukari, ulevi wa muda mrefu, upungufu wa vitamini, au dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, ambayo kwa ajili hiyo hutolewa pamoja na vitamini B6. Kisukari kina mambo mawili: huharibu neva za miguu, na pia humfanya mtu apatwe kwa urahisi na ugonjwa wa mfereji. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa watu wazima chini ya asilimia 1, ilhali uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta sukari iliyozidi kwa asilimia 9 hivi ya watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Njia za upimaji hazikuwa sawa, na mmoja ulikuwa wa vijijini tu, lakini mpishi mwenye ganzi ana sababu ya kutosha ya kupimwa sukari. Mimba nayo huleta ganzi ya mikono kwa sababu ya maji yanayoongezeka mwilini, na kwa kawaida hutoweka baada ya kujifungua.

Ganzi ya ghafula ya upande mmoja wa mwili, hasa ikifuatana na mdomo kwenda upande au maneno kukwama, si jambo la kungojea asubuhi. Hicho chaweza kuwa kiharusi. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.

Namna ya kupunguza mzigo

Shauri la kwanza litolewalo na madaktari ni kupumzisha mkono. Kwa mtu ambaye asipopika leo watoto wake hawali kesho, shauri hilo ni sawa na kumwambia mvuvi akae mbali na bahari. Kwa hiyo ni bora kutafuta jinsi ya kuibadili kazi yenyewe.

Katika kukanda, kemia inaweza kufanya sehemu ya kazi bila ya malipo. Unga wa ngano una protini ambazo zikipata maji huungana na kuwa gluteni, ule utando unaovutika. Muungano huo huendelea wenyewe hata unga usipoguswa. Mpishi akichanganya unga na maji mpaka ushikane tu, akaufunika kwa kitambaa chenye unyevu na kuuacha nusu saa, ataukuta umelainika, na kazi ya kukanda itakayobaki ni ndogo zaidi. Wakati huo huo anaweza kumenya vitunguu au kuchambua mchele, kazi zisizohitaji nguvu. Kukanda kwenyewe kufanywe juu ya meza iliyo chini kidogo ya kisugudi, mpishi akiwa amesimama, mikono imenyooka na uzito wa mwili ukishuka kupitia mabegani. Mpishi anayekanda akiwa ameketi juu ya kigoda, beseni likiwa chini miguuni, hukosa msaada wa uzito wake na hulazimika kupinda vifundo. Kusukuma kwa kitako cha kiganja hupinda kifundo kuelekea nyuma, mahali pale ambapo Gelberman alipata 110. Kutumia ngumi, kifundo kikiwa kimenyooka, ni bora.

Nazi ni mzigo mwingine. Juu ya mbuzi, mikono yote miwili hushika kifuu na vifundo hukunjwa na kuzungushwa kwa kila mkuno. Katika masoko kadhaa ya jiji zipo mashine za kukuna nazi kwa malipo madogo, na kwa anayekuna nazi nyingi kila siku malipo hayo yastahili kuhesabiwa pamoja na gharama za mkaa. Tui likamuliwe kwa kugandamiza chicha ndani ya chujio kwa kitu kizito badala ya kusokota kitambaa. Mpini mwembamba wa kisu au wa kijiko cha kupakulia hulazimisha vidole kubana zaidi. Ukizungushiwa kipande cha mpira wa baiskeli kilichosafishwa vizuri huwa mnene na hautelezi. Kisu butu hudai nguvu ambayo dakika mbili za kunoa zingeiondoa.

Jambo jingine ni mpangilio. Wengi hukuna nazi zote, kisha hukanda unga wote, kisha hukamua, yaani saa tatu mfululizo za kazi nzito ya kifundo. Kazi hizo zikipishanishwa na zile nyepesi, jumla ya kazi haipungui lakini neva hupata nafasi ya kurudishiwa damu.

Matibabu

Usiku, kifundo kifungwe kikiwa kimenyooka. Hospitali hutoa gango la kazi hiyo. Pasipokuwapo, kipande cha ubao mwembamba au boksi gumu, kilichoviringwa kwa kitambaa laini, huwekwa upande wa ndani wa mkono kutoka katikati ya kiganja hadi katikati ya kigasha, kisha hufungwa kwa kanga bila kukazwa. Vidole viachwe huru. Yafaa kufanya hivyo kila usiku kwa wiki sita hivi kabla ya kuamua kama kumesaidia. Vidonge vya maumivu havipunguzi kubanwa kwa neva, na vidonge vya vitamini havisaidii isipokuwa kwa mtu aliyepungukiwa nazo.

Hali ikiendelea, daktari anaweza kuchoma sindano ya dawa ya jamii ya kotisoni kando ya mfereji, ambayo hupunguza uvimbe kwa wiki au miezi kadhaa. Ganzi ikiwa ya kudumu, au nyama ya kitako cha kidole gumba ikianza kubonyea, mgonjwa asicheleweshwe kupelekwa kwa daktari wa upasuaji. Hospitali za rufaa za mkoa zilizopo Temeke na Mwananyamala zinaweza kumpeleka mgonjwa kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Katika upasuaji huo ukanda hukatwa na mfereji hupanuka. Ni kazi fupi, hufanywa kwa ganzi ya sindano ya mahali pale tu, na mgonjwa aghalabu hurudi nyumbani siku ile ile.

Linalomzuia mama lishe wengi wakati mwingine si woga wa kisu bali wiki zinazofuata, ambazo hawezi kukanda wala kuinua sufuria. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, hutegemea michango ya waajiri, na aliyejiajiri kando ya barabara hana mwajiri wa kumchangia. Mahali ambapo akina mama wana vikundi vya kuweka na kukopa, wako wanaoweza kupanga zamu ya kumshikia mwenzao jiko mpaka jeraha lipone. Maumivu na ganzi ya usiku mara nyingi hupungua mapema baada ya upasuaji, lakini nguvu ya kushika huchukua miezi kurudi, na nyama ya kidole gumba iliyokwisha kunyauka huenda isirudi kabisa.